Aliyelilia Mifupa ya Baharini

"Mifupa!" Chokaa alisema tena, na safari hii hakujali nani amesikia.

Foleni yote mbele ya dirisha la vifurushi ikanyamaza. Stesheni ilikuwa imejaa watu kama siafu, mabegi yamepangwa mpaka mlangoni, spika ya juu inatangaza treni iliyochelewa. Lakini neno lile lilikata kelele kama kisu. Mama mmoja akamvuta mwanawe nyuma yake.

"Mifupa ya nani?" karani wa vifurushi aliuliza. Alikuwa amelishika lile boksi kwa ncha za vidole, pua ameibana.

"Si ya mtu. Ya baharini."

"Basi ni samaki. Samaki waliooza hatupokei wala hatutoi."

"Si samaki! Ni viumbe vidogo kuliko punje ya mtama. Vinaishi kwa maelfu, vimeshikana, na kila kimoja kimejijengea kijumba cha chokaa. Hicho kijumba ndicho mfupa wake. Mimi ni mtafiti wa chuo. Boksi lina jina la chuo, lina muhuri wa chuo, na nimesimama hapa tangu asubuhi. Nipe mzigo wangu."

"Mifupa isiyoonekana," mzee mmoja alinong'ona nyuma. "Huo uchawi huo."

Chokaa aligeuka amewaka. Alikuwa amevaa gauni la kijani lililonyooshwa vizuri, na kwenye mikono ya gauni hilo, kama kawaida yake, kulikuwa na vumbi jeupe la vile alivyokuwa akisaga kazini. Vumbi hilo ndilo lililompa jina; hata mama yake mzazi siku hizi alimwita Chokaa. Kabla hajafungua mdomo, sauti nzito ya kiume ikatangulia.

"Karani, samahani. Wewe umeshawahi kumwona mchawi anayesubiri risiti?"

Foleni ikaangua kicheko. Karani naye akacheka, kisha akakodoa macho. "Hiyo sauti! Wewe si Kasuku wa redio? Wa kipindi cha asubuhi?"

"Ndiye mimi, mwili wake wote." Alikuwa kijana mrefu wa shati la mistari na viatu vyekundu ambavyo mtu mwingine angevionea haya. "Mpe dada mzigo wake, ndugu yangu. Ukimnyima nitakutaja kesho."

Boksi likapita dirishani papo hapo. Chokaa akalipokea, akatoka nje bila kusema asante. Kasuku akamfuata akikimbiakimbia.

"Dada, subiri! Nimekukosea nini?"

"Nimeeleza mpaka koo limekauka," Chokaa alisema, "nikaitwa mchawi. Wewe umefanya mzaha mmoja, nikapewa mzigo. Kumbe ukweli wangu haufui dafu mpaka usindikizwe na mwanamume wa redioni. Niambie, nishukuru hapo au nilie?"

Kasuku aliacha kukimbiakimbia, akatembea sambamba naye. "Hapo umenipata," alisema. "Basi usishukuru. Nibebe boksi tu, unieleze hivyo vijumba. Mimi nitasikiliza."

"Linanuka."

"Nimeshafanya kazi na watangazaji wanaokula vitunguu studioni. Lete."

*

Ndivyo walivyoanza. Kasuku alipiga simu jioni ile, na jioni iliyofuata, na baada ya wiki chache ikawa Chokaa anaiweka simu kando ya darubini huku akijifanya haiangalii.

"Umekula, mifupa yangu?"

"Usiniite hivyo, watu watadhani nimekonda."

"Nikuite nini basi? Sukari? Sukari inayeyuka haraka."

"Na chokaa je? Hata chokaa inayeyuka, inategemea ni ipi."

"Haya, mwalimu kaanza. Endelea, natamani hata sauti yako ikitaja madini."

Siku moja akamkaribisha maabara. Kilikuwa chumba chembamba mwisho wa ukumbi, dirisha moja, sinki moja, na meza ndefu yenye vibakuli vilivyopangwa kama vikombe vya kahawa. Chokaa akamwekea kipande chini ya darubini. Kasuku akainama, akakaa ameinama muda mrefu.

"Mungu wangu," alisema taratibu. "Ni lesi."

"Ni mji," Chokaa alisema, na uso wake ukang'aa kwa namna ambayo Kasuku hakuwahi kuiona. "Wataalamu huviita briozoa. Kimoja kinaanza katikati, kinazaa jirani, jirani anazaa jirani, mji unatanuka kwenda nje. Katikati ndiyo wazee, ukingoni ndiyo watoto. Sasa sikiliza. Mifupa yao ni chokaa, lakini chokaa ina namna mbili. Kuna kalsaiti na kuna aragonaiti. Vilivyomo ndani ni vilevile, mpangilio ndio tofauti, kama matofali ya aina moja yaliyopangwa na mafundi wawili."

"Na kuna tofauti gani kama tofali ni lilelile?"

"Bahari inazidi kuchachuka kwa moshi tunaotoa sisi. Maji yakichachuka, aragonaiti huyeyuka kwanza. Kwa hiyo ukijua nani ana mfupa gani, unajua nani atatangulia kuondoka." Akapunguza sauti, ingawa walikuwa peke yao. "Hawa hapa, kila mtu anasema ni kalsaiti tupu. Mimi nimeona aragonaiti. Katikati, kwa wazee. Nadhani wanazaliwa na mfupa mmoja, halafu wakikua wanajipaka mwingine juu yake."

"Sasa si utangaze!"

"Mkuu wa Idara hakubali. Anasema ni vumbi la konokono, kwamba nimechanganya. Konokono wana aragonaiti, ni kweli. Kwa hiyo inanibidi nisafishe mji mmoja mzima, kijumba kwa kijumba, kwa brashi laini, pasibaki hata chembe ya kitu kingine. Ndipo niurudishe kwenye mashine ya eksirei, ile inayotambua aina ya chokaa."

Aliusafisha kwa majuma mengi. Kisha alasiri moja, Kasuku alipokuja kumchukua waende kutembea, alimkuta ameketi sakafuni chini ya sinki, analia kwa kwikwi. Kibakuli kilikuwa kimemponyoka. Mji wake wote uliosafishwa ulivunjika, ukaondoka na maji.

Kasuku alipiga magoti, akamkumbatia, akamfuta machozi kwa kiganja. Usiku ule Chokaa alimwambia mama yake kwenye simu, "Mama, nadhani huyu ndiye."

*

Kesho yake asubuhi alipita kwenye ukumbi wa idara, akasikia kicheko kutoka chumba cha makarani. Redio ilikuwa wazi.

"...sasa wapenzi wasikilizaji," sauti ya Kasuku ilikuwa ikichezacheza, "nyinyi mnalilia wapenzi, mnalilia mishahara. Mimi namfahamu binti mmoja msomi, mrembo wa kukuangusha, jana kamwaga machozi ndoo nzima kwa sababu kidudu cha baharini kimevunjika kiuno! Hakionekani kwa macho, jamani! Nikamwuliza, tumpeleke hospitali au tumzike kabisa? Msiba huo chakula kitatosha, marehemu mwenyewe hajai kijiko..."

Karani mmoja alimwona Chokaa mlangoni, akanyoosha mkono kuizima redio. Alichelewa. Wengine walishageuka, na nyuso zao zilikuwa bado na kicheko.

Alimpigia kutoka ngazi za nyuma.

"Mpenzi! Umesikia? Simu zimefurika hapa, watu wamekupenda mno!"

"Uliniuliza lini kama tumzike?"

"Nini?"

"Umesema redioni uliniuliza. Hukuniuliza. Ulipiga magoti ukanifuta machozi. Niliona una huruma, kumbe ulikuwa unachukua vipimo vya kichekesho."

"Mifupa yangu, ni utani. Sikukutaja."

"Ni binti gani mwingine katika mji huu anayelilia vidudu vya baharini? Umewahi kukutana naye? Nitambulishe, tuanzishe chama."

"Nilikuwa najivunia—"

"Hukujivunia. Umeniuza, na hukupata hata bei. Kicheko cha watu wanaokunywa chai! Nililia mbele yako wewe, Kasuku. Si mbele ya mji. Wewe."

Akakata simu.

Mambo yangeishia hapo kama si Mkuu wa Idara. Huyu alikuwa mzee nadhifu wa suti ya kijivu, mpole wa sauti, na upole wake uliuma kuliko matusi. Kwenye kikao cha idara aliikunja miwani yake akasema, "Zamu ya mashine ya eksirei ya mwezi huu tutawapa wengine. Binti yetu apumzike. Tumesikia hata redioni kwamba kazi inamliza." Wajumbe wakacheka kwa adabu. Mmoja tu hakucheka, naye alikuwa mwanamke mtu mzima aliyeiendesha mashine yenyewe, ambaye chuo kizima kilimwita Mama Mashine.

Chokaa alirudi maabara akafunga mlango. Hasira ilimjaa mpaka masikio yakavuma. Alimkasirikia Mkuu, akamkasirikia Kasuku, akawakasirikia wale waliocheka kwa adabu. Kisha akaitoa sampuli nyingine kwenye boksi, akachukua brashi, akaanza upya. Alisafisha kwa hasira, lakini mkono haukutetemeka.

*

Kasuku alituma ujumbe usiojibiwa. Alituma maua, mlinzi wa geti akajichukulia, akayapeleka kwao. Mwishowe akafanya alichokijua.

"Wasikilizaji," alisema asubuhi moja, muziki wa polepole chini ya sauti yake, "leo Kasuku hana utani. Kuna mtu nimemkosea. Mpenzi, kama unanisikia..."

Simu ya studio ikalia. Akaipokea hewani, kama ilivyo kawaida ya kipindi.

"Halo, uko hewani na Kasuku."

"Najua niko hewani," Chokaa alisema. "Ulinitukana kwenye spika, sasa unanibembeleza kwenye spika. Mimi si kipindi. Ukitaka kuniomba radhi, njoo bila redio yako." Na akakata.

Mji mzima uliizungumzia simu ile wiki nzima. Kasuku alikaa mbele ya kipaza sauti mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, redio ile ilitoa ukimya.

Alikuja bila redio. Alimsubiri nje ya uzio wa chuo, viatu vile vyekundu vimejaa vumbi.

"Niliogopa," alisema.

"Uliogopa nini?"

"Ulipolia. Nilijua palepale kwamba sijawahi kukipenda kitu namna ile. Kazi yangu nasema, inapotea hewani, kesho nasema tena. Nikaona wivu. Mimi nikiwa na kitu kizito kifuani nakigeuza kichekesho, ndivyo nilivyokua. Si udhuru. Nakwambia tu ilivyokuwa."

Chokaa alimtazama. Moyo ulitaka kulainika, akaukemea. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nimenyimwa mashine kwa ajili ya kichekesho chako. Ulilijua hilo?"

Uso wa Kasuku ukabadilika rangi. "Nani kakunyima? Nimtaje kesho, nimkaange—"

"Unaona? Hujaelewa hata kidogo. Usimkaange mtu. Mdomo wako si silaha yangu. Mimi ninao wangu." Akaingia ndani, akamwacha ameshika uzio.

Hakwenda maabara. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya Mkuu, akaingia baada ya kubisha mara moja.

"Shikamoo. Naomba zamu ya mashine, au naomba barua."

"Marahaba. Barua gani, binti yangu?"

"Barua inayosema umeninyima mashine kwa sababu ya kichekesho cha redio. Iandike, uitie sahihi, nami nitaibandika pale mlangoni ili wageni wote wanaokuja chuoni wajue hapa utafiti unapimwa kwa kicheko."

Mzee aliivua miwani, akaivaa tena. "Hasira hazifai kwa mtafiti."

"Hata usingizi haufai, na wapo wanaolala vikaoni. Mashine au barua?"

Alipewa mashine.

Mama Mashine aliupokea unga wa ule mji wa pili uliosafishwa katika vibati viwili, kimoja cha katikati ya mji, kingine cha ukingoni. Akafunga mlango mzito, miale ikafanya kazi yake, na mstari ukaanza kujichora kwenye kioo, tambarare, kisha kilele, kisha kilele. Unga wa ukingoni, wa watoto, ulionyesha kalsaiti peke yake. Unga wa katikati ulionyesha kalsaiti, na pembeni yake, wazi kama jino, kilele cha aragonaiti.

"Hili si konokono, mwanangu," Mama Mashine alisema. "Vumbi la konokono lingeingia kotekote. Halichagui wazee."

Chokaa hakulia. Alicheka mpaka akaketi chini.

*

Siku chache baadaye, mapema asubuhi, simu ikalia. Kasuku. Karibu aiache. Kisha akaipokea.

"Usikate," Kasuku alisema kwa kunong'ona. "Mkuu wako yuko hapa, chumba cha kusubiri. Kaja kutangaza ugunduzi. Anasema idara yake imegundua mifupa ya namna mbili."

"Idara yake?"

"Anasema 'nimegundua', mpenzi. Nimemsikia akifanya mazoezi."

Chokaa alisimama katikati ya chumba, mswaki mkononi. Yule aliyesema ni vumbi! Yule aliyesema apumzike! Damu ilimpanda mpaka akaona nyota.

"Sitafanya lolote mpaka uniambie," Kasuku aliendelea. "Safari ile nilisema bila kukuuliza. Leo nakuuliza."

Chokaa akauweka mswaki chini. "Muulize ni nani aliyeisafisha ile mifupa. Hilo tu. Na usifanye utani, Kasuku. Ukitania hata mara moja, futa namba yangu."

"Na wewe?"

"Mimi nitapiga simu kama msikilizaji mwingine yeyote."

Mkuu alizungumza vizuri. Alieleza bahari, akaeleza madini, akasema "nimegundua" kwa unyenyekevu mkubwa. Kasuku akamwacha amalize.

"Mkuu, naomba kuuliza. Hiyo mifupa midogo namna hiyo, nani aliisafisha?"

"Idara yangu ina utaratibu mzuri wa—"

"Idara haina mikono, Mkuu. Nani alishika brashi?"

"Wapo wasaidizi..."

"Msaidizi yupi?"

Hapakuwa na mzaha sautini mwake, na wasikilizaji, waliozoea kucheka saa ile, wakaongeza sauti za redio zao. Simu ya studio ikalia.

"Uko hewani," Kasuku alisema.

"Mimi ndiye," Chokaa alisema. "Mimi ndiye yule binti mliyemcheka wakati mnakunywa chai. Nililia, ndiyo. Nilikuwa nimesafisha kijumba kwa kijumba kwa majuma, kikaniponyoka kikaenda na maji, nikalia. Nyinyi mnaosikiliza, hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuharibikiwa na kazi aliyoipenda? Mwashi hajaangukiwa na ukuta? Mshoni hajachoma nguo ya harusi kwa pasi? Mlicheka kwa sababu kitu chenyewe ni kidogo. Lakini kikianza kuyeyuka hicho kidogo, ujue bahari nayo imebadilika, na hapo sijui tutamcheka nani. Mkuu, shikamoo. Ulisema ni vumbi la konokono mbele ya kikao kizima. Wajumbe wapo, wanasikia. Ilikuwaje ikawa yangu ilipokuwa vumbi, na ikawa yako ilipokuwa ugunduzi?"

Mkuu alikohoa. Alisema jambo kuhusu ushirikiano. Kisha akasema ana kikao kingine, akasahau kuvua vipokea sauti vya masikioni, na waya ukamrudisha kitini.

Kasuku hakucheka. Alitaka, Mungu anajua alivyotaka, lakini aliuma midomo na kutangaza muziki.

Makala ya ugunduzi ule ilitoka baadaye ikiwa na jina la Chokaa mbele, na Mama Mashine akashukuriwa ipasavyo. Mkuu hakuomba radhi. Watu wa namna yake huliweka jambo hilo mpaka kiyama. Alihamishiwa kamati fulani, na zamu za mashine zikaanza kupangwa na Mama Mashine mwenyewe.

*

Kumsamehe Kasuku kulichukua muda zaidi. Chokaa alimruhusu kwanza apige simu, kisha amsindikize hadi getini, kisha akae maabara bila kugusa kitu. Alipogundua amemsamehe, alikuwa ameshamchagulia shati.

Jumapili moja akampeleka nyumbani kwa mama yake. Mama aliketi kwenye kochi, mtandio umefungwa shingoni kama mtu anayejiandaa kwa vita.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. "Wewe ndiye uliyemcheka mwanangu mji mzima ukisikia?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nilikuwa nakusikiliza kila siku. Nilikuwa nakucheka mpaka mbavu zinauma. Siku ile nilicheka pia, sijui kama ni mwanangu! Umenifanya nimcheke mtoto wangu mwenyewe! Unajua nilivyojisikia nilipojua?"

Kasuku akapiga magoti palepale kwenye zulia. Mama akamwangalia, akavuta pumzi.

"Marahaba. Inuka, utachafua suruali. Hebu nieleze mwenyewe, hivyo vidudu vina nini hasa mpaka mwanangu hali, halali? Yeye akinieleza simwelewi."

Kasuku akainuka, akajikohoza, akaeleza kwa bidii yote. Alitengeneza mji kwa vikombe vya chai juu ya meza, akaweka wazee katikati na watoto ukingoni, akasema kuhusu matofali na mafundi wawili. Mama akawa anaitikia kwa kichwa, anaanza kuelewa.

"Basi maji yakichachuka, mama, kalsaiti ndiyo inayoyeyuka kwanza, kwa hiyo—"

"Aragonaiti!" Chokaa alisema kutoka mlangoni.

"Si nilisema hivyo?"

"Umesema kalsaiti! Nimekueleza mara ngapi? Unamfundisha mama yangu uongo mbele yangu!"

"Kidogo tu nimekosea, mifupa yangu—"

"Hakuna kidogo hapo! Ukikosea hapo umekosea bahari nzima!"

"Mama," Kasuku alisema akimgeukia mama, jasho linamtoka, "kabla hajanifukuza, naomba niseme nililojia. Nataka kumwoa."

Mama aliegemea kochi, akatazama vikombe vyake vilivyotapakaa. "Unaniuliza mimi? Muulize mwenyewe. Huyu mdomo anao."

Kasuku akamgeukia Chokaa. Bado alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, macho yanawaka.

"Nimekubali," Chokaa alisema kwa ukali. "Lakini ni aragonaiti. Rudia."

"Aragonaiti," Kasuku alisema.

"Anza tangu mwanzo. Mama hajaelewa."